Dondoo muhimu: Kuegesha gari Mlimani

Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekaa kilimani kweli, hivyo breki ya mkono peke yake haitoshi. Gari likielekea bondeni, liache kwenye gia ya rivasi na ukate usukani hadi magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa barabara. La otomatiki, weka P.

Njia ya magari ya zimamoto usiizibe hata kwa dakika mbili. Wala usiegeshe mbele ya njia ya viti vya magurudumu: mwanafunzi aliyezibiwa hapo huenda hana pengine pa kuingilia, na taa za hazadi ulizowasha hazimsaidii chochote.

Siku ya mahafali fika mapema, au panda daladala.