Kidonda cha Ubaguzi Huponywaje?

Ndugu msomaji, wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Neno hili twalitumia kwa maradhi ya mwili, lakini ni kweli vilevile kwa maradhi ya moyo. Mtu aliyedhalilishwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake hubeba jeraha lisiloonekana. Sheria iliyomdhalilisha yaweza kufutwa kwa siku moja, lakini jeraha halifutiki kwa kalamu. Katika somo hili tutatazama jinsi baadhi ya watu wa Afrika Kusini walivyolitibu jeraha hilo kwa kuketi pamoja na kusikilizana.

Jeraha lenyewe

Chama kilichoshika serikali mwaka 1948 kiliufanya ubaguzi kuwa msingi wa utawala wote. Kwa sheria ya mwaka 1950 kila mtu aliandikishwa kwa rangi yake, na kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo watu waligawiwa mahali pa kukaa kwa rangi zao. Mjini Cape Town palikuwa na mtaa uitwao District Six, ambamo watu wa rangi na dini mbalimbali waliishi kwa ujirani. Mwaka 1966 mtaa huo ulitangazwa kuwa wa Wazungu peke yao. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, na nyumba zao zikabomolewa.

Baada ya uchaguzi wa 1994 iliundwa Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, nayo ikaanza kuwasikiliza watu hadharani mwezi wa Aprili 1996. Kazi yake ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mipaka. Ilichunguza mauaji, utekaji nyara, mateso na ukatili mkubwa uliotendeka tangu mwaka 1960 hadi 1994. Watu zaidi ya 21,000 waliandikisha maelezo yao, lakini waliosema mbele ya hadhara walikuwa kama 2,000 tu. Basi yule mzee aliyevunjiwa nyumba, na yule mama aliyeitwa “msichana” kazini mpaka nywele zikamtoka mvi, wamsimulie nani?

Mabaraza ya kusikilizana

Miongoni mwa walioliona pengo hili alikuwa kasisi Michael Lapsley, mzaliwa wa New Zealand, aliyeupinga ubaguzi. Mwezi wa Aprili 1990, akiwa Harare, alitumiwa bomu lililofichwa ndani ya magazeti ya dini. Alipoteza mikono yote miwili na jicho moja. Husema kwamba kama angejaa chuki, angebaki mhanga daima. Mwaka 1998 ilianzishwa mjini Cape Town, chini ya uongozi wake, taasisi ya kuponya kumbukumbu, inayowapokea watu wa dini zote na wasio na dini.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza, ijapokuwa si mwepesi kuufuata.

Kwanza, watu wachache hukutana kwa siku mbili au tatu, mbali na shughuli zao. Kila mmoja hujiuliza maswali matatu: Nilitendewa nini? Nilitenda nini? Na ni lipi lililonipasa nisilitende? Swali la tatu huwagusa hata wale wasiomwinulia mtu mkono, bali walinyamaza wakifaidika.

Pili, kila mmoja huchora picha ya maisha yake kwa kalamu za rangi. Haitakiwi kuwa nzuri. Hata asiyejua kusoma aweza kuichora. Kisha katika kikundi kidogo, chenye msimamizi, huieleza picha yake. Wengine husikiliza. Hawamkatizi, wala hawambishii, wala hawamhubirii. Lisemwalo humo halitolewi nje.

Tatu, mwishoni wote hukusanyika kwa nyimbo, mashairi na dua, ili mtu asirudi kwake na uchungu peke yake.

Swali na jawabu

Huenda mtu akauliza: Je, mazungumzo hayo si njia ya kuwanyamazisha walioonewa, ili waliowaonea wabaki na mali yao? Swali hili ni la haki. Mwaka 2003 serikali ilitangaza malipo ya randi 30,000 mara moja kwa kila mtu aliyetambuliwa na Tume, kiasi kilicho kidogo sana kuliko kile Tume ilichopendekeza. Jawabu ni kwamba kusikilizwa si badala ya haki. Mwenye kuomba radhi huku akilishikilia shamba alilopora hajatubu. Lakini pia aliyerudishiwa shamba bila kusikilizwa hubaki na fundo moyoni. Yote mawili yahitajika, wala moja lisiufanye mwingine asahau jingine.

Mafundisho kwetu

Yatupasa tujifunze mambo mawili. La kwanza, tusimharakishe mtu kusamehe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na msamaha unaolazimishwa ni dhuluma ya pili. La pili, tusidhani kwamba kunyamaza ni kupona. Mara nyingi uchungu wa mzazi usiosemwa huwafikia watoto kama hasira au woga, nao wasijue asili yake.

Ndugu msomaji, huenda jirani yako anabeba jambo kama hili, awe alidhulumiwa kwa rangi, kwa kabila au kwa asili ya wazazi wake. Siku atakapofungua kinywa usimwambie kwamba hayo yamepita. Mpe nafasi, ukae, umsikilize mpaka amalize. Na ikiwa katika simulizi lake watajwa watu wako, subira yako na iwe kubwa zaidi. Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yenye huruma na mioyo yenye kupenda haki. Amin.