Kabla ya Kuweka Jiwe la Msingi



Kuanzia Shinyanga na Kahama hadi machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, wapo watu ambao jioni ikifika hawana mlango wa kubisha. Yupo bibi aliyekimbia kijiji kwa kuitwa mchawi, na ushahidi pekee ni macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Yupo kijana aliyefuata dhahabu, akaumia shimoni au kifua kikadhoofu kwa vumbi la mawe, na sasa hana nauli wala uso wa kurudi kwao. Kuwajengea kituo cha hifadhi na kupona ni wazo jema. Lakini kabla ya kununua saruji tujiulize: atakayeingia, atatokaje?

Funzo la Buhangija

Mfano tunao hapa hapa. Shule ya Msingi Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, ilikuwa ikihudumia watoto wasioona na viziwi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi Kanda ya Ziwa, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto wenye ualbino walipelekwa pale ili wawe salama. Maisha yaliokolewa, na hilo tusilisahau. Hata hivyo, kufikia mwaka 2015 watoto hao walikuwa wamezidi 200, mabweni yakafurika, na baadhi yao walikaa muda mrefu bila kumwona mzazi. Hifadhi ya dharura ikawa makazi ya miaka. Ukuta huzuia panga, lakini peke yake haumrudishi mtoto kwa mama yake.

Mambo matatu ya kupanga

Kwanza, kazi ianzie kule mtu alikotoka. Bibi akiwa anatibiwa macho kituoni, wajumbe wakae na watoto wake, mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu. Jiko lisilotoa moshi mwingi na jirani aliyeelewa ni sehemu ya kituo, ingawa viko kijijini.

Pili, bajeti ya kutoka iandikwe pamoja na bajeti ya matofali. Iwe na nauli, matibabu, mtaji mdogo au mafunzo ya ufundi, na gharama ya kumtembelea mtu baada ya kurudi. Wafadhili hupenda kuona jengo, na picha yake hupendeza. Tuwaombe wachangie pia safari hizi zisizopigwa picha.

Tatu, tufuate sheria. Afisa ustawi wa jamii ashirikishwe tangu mwanzo. Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na watoto wasilazwe pamoja na watu wazima.

Wapo ambao hawatarudi. Kuna wazee wasio na ndugu, na kuna vijiji ambavyo bado ni hatari. Hao wanahitaji makazi ya kudumu, kama yale ya wazee ya Kolandoto, Shinyanga. Kamati iseme mapema ni vitanda vingapi vya kudumu inavyoweza kuvitunza, ili huruma ya leo isigeuke msongamano wa kesho.

Msamaria Mwema hakuishia kumfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni. Alilipa gharama na kuahidi kupita tena. Ahadi hiyo ya kupita tena ndiyo tunayoomba iingie katika kila mchoro wa jengo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, nani hana pa kulala, na ni nini kilimtoa kwao?
2. Nani atakwenda kuzungumza na familia yake, na lini?
3. Jengo likikamilika, fedha za mwaka wa pili zitatoka wapi?

Kamati ikishajibu maswali haya, na tuchimbe msingi.