Soli za Sumaku: Kisigino Kimeponywa na Nini?

Mwenye maumivu ya kisigino hujulikana asubuhi. Akishuka kitandani, hatua za kwanza anazipiga kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta; akizunguka chumbani kidogo, maumivu yanalegea. Huyo ndiye mteja wa soli za sumaku zinazowekwa ndani ya kiatu. Muuzaji humwambia kwamba sumaku huvuta madini ya chuma yaliyomo kwenye damu, damu ikazunguka vizuri, maumivu yakaisha.

Chuma kwenye damu kipo kweli, ila kimefungwa ndani ya himoglobini na hakivutwi kama msumari. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina sumaku ya tesla 1.5, nguvu isiyofikiwa na soli yoyote. Mgonjwa hulazwa ndani yake, na damu haikimbilii upande wowote.

Mbona basi wapo wanaoapa kuwa wamepona? Hawasemi uongo. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwachukua watu wazima 101 wenye maumivu ya kisigino, wakawapa soli laini za kufanana. Baadhi zilikuwa na sumaku halisi, nyingine sumaku bandia, na waliozivaa hawakuambiwa zipi ni zipi. Baada ya wiki 8, asilimia 35 ya waliovaa sumaku halisi walisema wamepona kabisa au kwa sehemu kubwa. Na wa sumaku bandia? Asilimia 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Kwa hiyo hata mwenye sumaku bandia angeweza kutoa ushuhuda mtamu wa kuwekwa kwenye tangazo. Maumivu ya kisigino kwa wengi hupungua yenyewe miezi ikipita, na mtu hununua tiba pale yanapokuwa yamemzidi. Nafuu ikija, sifa anapewa muuzaji. Tena soli laini yenyewe hupunguza kishindo cha kukanyaga, iwe na sumaku au isiwe nayo.

Bei nayo si kipimo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006, wenye washiriki 135, ulilinganisha soli zilizotengenezwa kwa vipimo vya mguu wa mtu, za kununua tayari, na za kuigiza tu. Mwaka mmoja baadaye, makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa.

Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji: ililinganishwa na nini? Akijibiwa kwa majina ya wateja walioridhika, hajajibiwa. Madai yasiyo na ushahidi yamewahi kufuatiliwa kisheria: mwaka 1999 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizichukulia hatua kampuni zilizodai kuwa sumaku zao hutibu hata saratani.

Mwenye kisukari asijaribu kubahatisha na soli yoyote. Mguu uliopoteza hisia kwa kisukari unaweza kuchubuliwa na soli isiyomkaa vizuri, naye asijue hadi aone damu kwenye soksi. Akague nyayo kila siku, apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kidonda, hata kidogo, akipeleke kliniki mapema.