KUONGEZA CHUMBA NYUMA YA NYUMBA: PIMA PAA KABLA YA KUFYATUA MATOFALI



Watoto wanakua, ndugu mwingine anafika, na nyumba iliyotosha watu watatu sasa inalaza sita. Kwa hiyo familia nyingi zinataka kuongeza chumba upande wa uani. Si vibaya. Lakini wengi huanza na matofali, na wakifika kwenye paa wanakuta mtu mzima hawezi kusimama ndani, au maji ya nyumba nzima yanamwagika katikati. Ukuta wa udongo ukilowa chini huanguka, na unaweza kuanguka usiku watu wamelala. Tujifunze kupanga mapema.

1. ONGEA NA WATU KWANZA

Mwone kiongozi wa mtaa wako, naye akuelekeze ofisi inayoshughulikia makazi ili upate ruhusa. Kisha mwite jirani wa nyuma, mwangalie mahali pamoja. Kati ya nyumba na nyumba ibaki nafasi ya mita 2 au zaidi, maana moto huruka haraka kwenye nyasi na maturubai. Kutoka shimo la choo mpaka ukuta ziwe angalau mita 6. Kama nafasi hiyo haipo, usijenge hapo. Ni afadhali kubanana ndani kuliko kuunguza mstari mzima.

2. PAA NDILO LINALOAMUA UKUBWA WA CHUMBA

Paa la chumba cha nyuma huanzia chini ya ukingo wa paa la zamani, kisha linashuka kuelekea nje. Kila mita unayokwenda nyuma, paa linashuka. Mabati yanahitaji kushuka sentimita 20 hivi kwa kila mita. Turubai lishuke sentimita 40, la sivyo maji yatatuama juu yake. Nyasi zinataka mteremko mkali, karibu mita nzima kwa kila mita, kwa hiyo hazifai kwa paa la namna hii.

Tufanye hesabu. Tuseme paa jipya litaanzia kwenye kimo cha mita 2.40:

- Turubai, chumba kinakwenda nyuma mita 2.50: paa linashuka mita 1. Ukuta wa nyuma unabaki mita 1.40. Mtu atainama kila siku.
- Turubai, chumba kinakwenda nyuma mita 1.50: paa linashuka sentimita 60. Ukuta unabaki mita 1.80. Hiki kinafaa.
- Mabati, chumba kinakwenda nyuma mita 2.50: paa linashuka sentimita 50. Ukuta unabaki mita 1.90. Nacho kinafaa.

Mwenye turubai akijenga mita 1.50 kwa upana wa mita 3, kuta zikiwa na unene wa sentimita 15, atapata ndani mita 2.70 kwa 1.35. Hizo ni mita za mraba 3.6. Mwongozo wa Sphere unaofuatwa na mashirika unataka angalau 3.5 kwa kila mtu. Chumba ni kidogo, lakini kinapunguza msongamano. Turubai la mita 4 kwa 5 likikatwa katikati, nusu yake inakitosha.

3. MATOFALI MANGAPI?

Chukua tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Pamoja na udongo wa kuungia, mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 26. Chumba chetu cha turubai, ukitoa mlango, kina mita za mraba 10 na kidogo. Ukiongeza ya kuvunjika, fyatua 300.

Pima udongo kwanza. Loanisha kidogo, viringisha kamba ya unene wa sentimita 3, isukume polepole ining'inie ukingoni mwa meza. Ikikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ikipita 15, mfinyanzi umezidi na tofali litapasuka. Kausha matofali wiki tatu au nne, ukiyageuza na kuyafunika nyasi jua likiwa kali. Shimo ulilochimba udongo lifukie, lisizalishe mbu wala kumzamisha mtoto.

4. MSINGI NA UKUTA WA ZAMANI

Usichimbe msingi mpya kwenda chini kuliko wa zamani pale unapougusa. Ukifanya hivyo, udongo unaoshika nyumba utaporomoka. Ukuta mpya hutulia na kushuka kidogo, kwa hiyo ufa mdogo kwenye maungio si ajabu. Uzibe kwa udongo mapema. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mlango uwe kwenye ukuta mpya wa pembeni, karibu na nyumba, ambako paa liko juu. Usitoboe ukuta wa zamani, maana ndio unaobeba paa. Kama chumba kipya kinaziba dirisha la zamani, acha matundu ya hewa juu ya kuta zote mbili. Usipike humo.

5. MAJI YAENDE WAPI?

Ingiza turubai jipya chini ya ukingo wa paa la zamani sentimita 30, ili maji ya juu yaangukie juu yake, si nyuma yake. Upande wa nje liupite ukuta sentimita 40. Pale maji yanapodondokea, chimba mtaro unaoelekea mfereji wa mtaa, usielekee ukuta wa jirani. Inua sakafu kuliko ardhi ya nje, na safu za kwanza za ukuta ziwe za mawe au matofali ya kuchoma ukiyapata.

6. WAKATI WA KUJENGA

Huku Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Fyatua mwezi Juni, jenga Julai na Agosti, ezeka kabla ya Septemba kwisha. Ukichelewa, funika matofali yako na ungoje kiangazi kingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pima nyuma ya nyumba yako. Zikibaki mita 2 za nafasi, chumba kitaenda nyuma kiasi gani?
2. Paa lako litaanzia kwenye kimo gani, na ukuta wa nyuma utabaki na kimo gani?
3. Katika mtaa wetu, ni mama mjane au mzee gani anayehitaji vijana wamsaidie kufyatua?