Spika za Gari Zimenyamaza: Tusikimbilie Dukani



Somo letu leo ni juu ya spika za gari. Najua mtu atauliza, "Hiyo nayo ni maendeleo gani?" Ngojeni nieleze.

Kikundi kimoja upande wa Shinyalu kina pikapu kuukuu. Hubeba mahindi kwenda sokoni, na siku za matanga na harambee hukodishwa kutangaza. Siku moja spika ya mlango wa kushoto ikanyamaza. Fundi akaangalia kwa dirishani tu, akasema imekufa. Tukaketi, tukapiga kura, mweka hazina akatoa shilingi 4,500 kutoka mfuko wa karo. Hata mimi mshauri wenu niliinua mkono! Spika mpya ikafungwa, ikanyamaza vile vile. Kumbe waya ulikuwa umekatika pale mlango unapokunjika. Kipande cha waya na tepu vingetosha. Mtoto wa mjane mmoja alikaa nyumbani wiki mbili akingojea karo.

Tangu siku ile nilijifunza hivi: sauti hutembea njia. Hutoka kwa betri, hupita fyuzi, huingia redio, hufuata waya, ndipo hufika spika. Tuifuate njia hiyo kabla ya kulaumu spika.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zimenyamaza zote au moja? Kama ni zote na redio haiwaki, anza na fyuzi. Ile waya nyembamba ndani yake ikiwa imekatika, weka fyuzi nyingine ya namba ile ile. Usifunge kwa karatasi ya sigara au waya mnene! Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Ikikatika tena mara moja, kuna waya unaogusa mahali pabaya.

2. Kama ni moja tu, angalia redio kwanza. Kuna kitufe cha kupeleka sauti kushoto au kulia, mbele au nyuma. Watoto wakikichezea, upande mmoja hunyamaza, na hakuna kilichoharibika.

3. Badilisha nafasi. Zima redio. Chukua spika iliyonyamaza, uiunge kwa waya za ile inayolia, kisha washa. Ikilia, spika ni nzima, na ubovu uko kwa waya au redio. Isipolia, ubovu ni wa spika yenyewe.

4. Pima kwa betri ndogo ya tochi. Toa waya zote mbili za spika. Gusisha betri kwa miguu yake miwili, mara moja tu, uachie. Ukisikia "tak" na karatasi yake ikasogea, koili haijakatika. Mwenye mita apime pia: spika iliyoandikwa ohm 4 huonyesha kama 3 hadi 4. Mita isiposonga kabisa, koili imekatika.

5. Kagua waya. Hapa Kakamega mvua ni nyingi na barabara za vumbi na mashimo hutikisa gari. Kwa hiyo miguu ya spika hushika kutu na viungo hulegea. Safisha kwa msasa, kaza, funga tepu. Angalia sana pale mlango unapokunjika. Waya ulio uchi usiguse bodi ya gari: redio nyingine hujizima zenyewe, nyingine huungua.

6. Kama inalia lakini inakwaruza, tazama kama karatasi imepasuka. Isukume polepole kwa vidole, pande zote sawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku. Hiyo mara nyingi ni ya kubadilishwa. Kama ni mpasuko mdogo tu, gundi na karatasi nyembamba husaidia kwa muda.

ANGALIO: Kabla ya kugusa waya za redio, toa waya wa hasi wa betri ya gari. Na tusifungulie sauti mpaka mwisho. Redio ndogo ikilazimishwa, sauti hupasuka na koili huungua.

Mafundi wetu wa jua kali tunawaheshimu na tutaendelea kuwahitaji. Lakini mwambie fundi, "Tumepima hivi, tukaona hivi." Hapo mtaongea lugha moja, na pesa ya kikundi itatoka kwa sababu inayojulikana.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni kitu gani tulichowahi kununua kipya kumbe cha zamani kingetengenezeka?
2. Katika kikundi chetu, nani anajua kupima? Akihama, nani atabaki na ujuzi huo? Je, akina mama na vijana wamefundishwa pia?
3. Tuweke kanuni gani, ili pesa ya matengenezo isitoke kabla ya watu wawili kukagua na kuandika daftarini?

Kazi ya nyumbani: mkutano ujao, leteni spika moja mbovu na betri ya tochi. Kila mmoja apime kwa mkono wake.