Ndugu Kando ya Kitanda: Kumuuguza Aliyepata Kiharusi

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Chanzo kikubwa ni presha iliyokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa. Upepo mbaya na jicho la mtu havihusiki. Mgonjwa akitolewa wodini kupelekwa kwa mganga, anapoteza siku na wiki za mwanzo, na hizo ndizo ubongo hujifunza upya kwa kasi zaidi.

Katika hospitali zetu nyingi wauguzi ni wachache na vitanda ni vingi, kwa hiyo kulisha, kuogesha na kugeuza mgonjwa huwaangukia ndugu. Kijitabu hiki ni chenu ninyi. Ombi letu kubwa ni hili: kabla ya kumfanyia mgonjwa jambo lolote, ombeni mwonyeshwe, na analoweza kulifanya mwenyewe, hata kama anachelewa, mwacheni alifanye.

Kula na kunywa

Tunaanza na chakula kwa sababu hapa ndipo upendo wa ndugu huleta madhara makubwa. Saa ya kuona wagonjwa imefika, binti ameingia na chupa ya uji, mama yake amelala chali. "Mama, kunywa kidogo upate nguvu." Kijiko cha kwanza kinapita. Cha pili, mama anakohoa, na sauti yake inakuwa ya majimaji, kama mtu anayeongea huku ana maji kooni. Uji umeingia kwenye njia ya hewa. Siku chache baadaye anapata homa na kupumua kwa shida: nimonia, mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa wa kiharusi wakiwa wodini.

Kiharusi hudhoofisha misuli ya kumeza. Kwa hiyo msimpe chochote mdomoni, hata maji ya kumezea dawa, mpaka daktari au muuguzi apime kumeza kwake na kuruhusu. Wapo wanaopaliwa kimya kimya bila kukohoa, ndiyo maana kumwangalia kwa macho tu hakutoshi. Akiwekewa mpira wa puani wa kulishia, msiuvute wala kuutoa kwa huruma.

Akisharuhusiwa, mketisheni wima kabisa, kidevu kikielekea chini kidogo. Tumieni kijiko kidogo. Ngojeni ameze ndipo mwongeze. Chunguzeni shavu la upande uliolegea, maana chakula hujificha hapo bila yeye kuhisi. Maji na chai humpalia mtu kirahisi kuliko uji mzito, basi ulizeni apewe chakula cha uzito gani. Akimaliza, abaki ameketi kwa nusu saa hivi, na mdomo usafishwe.

Kumgeuza na kumwinua

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo atapata vidonda vya mgandamizo makalioni, nyongani na visiginoni. Ndugu wanaopokezana zamu waandike kwenye daftari saa aliyogeuzwa na upande alioachwa amelalia.

Msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mvuto mmoja unaweza kulitegua na kumwachia maumivu ya miezi. Mkono huo ulazeni juu ya mto. Kuukanda kwa maji ya moto nako ni hatari: upande huo huenda hauhisi joto, mgonjwa akaungua bila kulalamika.

Na haraka ya kumsimamisha? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5, ulionyesha kuwa walioinuliwa mapema sana na mara nyingi mno tangu saa 24 za kwanza walipona vibaya kidogo kuliko wenzao waliopelekwa taratibu. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aseme lini aketi, lini asimame. Huko India nako, utafiti wa mwaka 2017 uliwafundisha ndugu kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita wagonjwa hao hawakuwa na nafuu zaidi ya wengine. Kwa hiyo msiache kliniki ya mazoezi kwa kudhani juhudi zenu nyumbani zinatosha. Fanyeni yale mliyoelekezwa, na kliniki iendelee.

Kuzungumza naye

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Mwamkieni kama siku zote. Baba ni baba, shikamoo yake haijafutwa. Aongee mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi, bila kupaza sauti. Ulizeni maswali ya ndiyo au hapana: "Baba, una kiu?" Kisha subirini. Wengine wasioweza kutamka jina la mtoto wao huweza kuimba wimbo wa kanisani au kusoma dua waliyoizoea tangu utotoni, basi imbeni nao, someni nao.

Akilia ovyo, akikataa kula au akijitenga, mwambieni daktari. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, nayo inatibika.

Kabla ya kuruhusiwa

Chagueni ndugu mmoja wa kuongea na daktari, ili maelekezo yasigongane. Muuguzi awatazame mkimgeuza na kumlisha kwa mikono yenu wenyewe. Jueni kila dawa inanywewa saa ngapi na tarehe ya kliniki ni lini. Dawa za presha haziachwi kwa sababu ameanza kutembea.

Kiharusi cha pili hutokea. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, msingoje kukuche. Andikeni saa dalili zilipoanza na mumkimbize hospitali: pale inapopatikana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze.