Kuorodheshwa kwa malipo kwenye intaneti: Tangazo au sadaka?

MFANYABIASHARA mwenye tovuti hachelewi kuletewa ujumbe wa namna hii: kampuni yake imeteuliwa kuingizwa katika orodha ya biashara ya kimataifa kwenye intaneti, alipe ada ya mwaka mmoja tu na wanunuzi wa dunia nzima watamwona. Ada yenyewe haitishi. Ni fedha ambayo mwenye duka anaweza kuitoa bila kumuuliza mhasibu, na ndiyo maana wengi huilipa, kisha huilipa tena mwaka unaofuata bila kujua kama ile ya kwanza ilirudi.

Kinachotakiwa kujulikana kabla ya kulipa ni jambo moja: ni mnunuzi gani anayeipitia orodha hiyo, na anatafuta nini humo.

Historia ya Yahoo inaonyesha jinsi jambo hilo linavyosahaulika. Jerry Yang na David Filo, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walianza mwaka 1994 kupanga tovuti kwa mafungu, kama mwenye ghala anavyopanga bidhaa kwenye rafu. Siku zile watu wengi waliotafuta kitu kwenye intaneti walianzia humo, hivyo kuwamo kulikuwa na thamani ya kweli. Mwaka 1999 Yahoo ilianza kuwatoza wenye biashara dola 199 ili maombi yao yashughulikiwe haraka, na mwishoni mwa 2001 ikaweka ada ya dola 299 kila mwaka kwa tovuti mpya za biashara. Ada hiyo ilikuwa ya kukaguliwa tu. Aliyekataliwa hakurudishiwa kitu.

Oktoba 2002 Yahoo iliyatanguliza matokeo ya Google mbele ya kila aliyetafuta, na orodha yake yenyewe ikasogezwa nyuma. Wapita njia walihama, lakini kodi ya fremu ilibaki dola 299 zile zile. Orodha hiyo ilifungwa Desemba 2014. Aliyekuwa amelipa kwa miaka 10 alikuwa ametoa dola 2,990.

Kwa nini watu waliendelea kulipa? Wengi hawakuwa wakifuata wasomaji wa Yahoo, bali walikuwa wakiilenga Google. Tangu mwaka 1998 Google imekuwa ikikihesabu kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kama aina ya kura, na kiungo kutoka tovuti yenye heshima kilipewa uzito. Hapo ndipo zilipozaliwa orodha nyingi ambazo hakuna binadamu aliyezisoma. Kazi yake ilikuwa kuuza kura. Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti zilizojilimbikizia viungo vya aina hiyo zilishushwa. Kanuni za Google zinakataza kununua viungo kwa lengo la kupanda katika matokeo, na zinazitaja waziwazi orodha zisizo na ubora. Kwa hiyo muuzaji wa orodha anayetumia hoja ya “utapanda Google” anauza bidhaa ambayo muda wake wa matumizi ulikwisha zamani.

Wawekezaji wadogo nao wana la kujifunza kutoka LookSmart, kampuni ya orodha iliyoanzishwa Australia mwaka 1995 na kuuza hisa zake katika soko la Nasdaq mwaka 1999. Mwaka 2002 iliwageuzia kibao waliokwisha kulipa ada ya mara moja, ikawataka walipe senti 15 kwa kila mtu atakayebofya. Malalamiko yalifika mahakamani. Lakini tatizo kubwa lilikuwa kwamba wasomaji wengi wa orodha hiyo waliletwa na MSN ya Microsoft. Microsoft ilipotangaza mwaka 2003 kwamba haitaongeza mkataba, bei ya hisa za LookSmart iliporomoka. Orodha isiyo na wasomaji wake yenyewe ni duka lililopanga kwenye ukumbi wa mtu mwingine.

Hesabu ya mwenye duka

Mathalani muuza vipuri vya magari wa Kariakoo anatakiwa alipe shilingi 360,000 kwa mwaka. Mauzo yake ya kawaida kwa mteja mmoja ni shilingi 150,000. Wengi hapo hugawanya 360,000 kwa 150,000 na kusema wateja watatu wanatosha. Hesabu hiyo ni mbovu. Katika hizo 150,000, mali yenyewe imemgharimu 110,000 na usafiri na vibarua 10,000, hivyo kinachobaki mkononi ni 30,000. Wateja wanaohitajika ili ada irudi, bila faida ya senti moja, ni 12.

Kama kati ya watu 10 wanaopiga simu ananunua mmoja, zinahitajika simu 120. Na kama kati ya watu 20 wanaolisoma jina lake anapiga simu mmoja, orodha inabidi imletee wasomaji 2,400 kwa mwaka, yaani 200 kila mwezi, wote wakitafuta vipuri. Hapo ndipo muuzaji wa orodha anapaswa kuulizwa: duka la vipuri lililomo sasa linasomwa na watu wangapi kwa mwezi? Asikubaliwe akijibu kwa hesabu ya orodha nzima, kwani wanaotafuta hoteli na wanaotafuta daktari hawanunui kirungu cha gia. Aidha hesabu hizo ziwe zimeondolewa programu zinazozunguka intaneti zenyewe, ambazo hufungua kurasa lakini hazina mfuko.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya watakaopiga simu ni wateja wa siku zote waliopoteza namba. Ikiwa nusu ya wanunuzi wangekuja hata bila orodha, wanaohitajika si 12 tena bali 24. Dawa yake ni kuweka kwenye orodha laini ya simu ya peke yake, isiyoandikwa kwenye kibao cha duka wala kwenye risiti, na kumuuliza kila anayepiga kama amewahi kununua hapo. Gharama ya laini ni ndogo mno ukilinganisha na ada.

Kabla hata ya hesabu hiyo, zipo nafasi za bure za kujazwa kwanza. Google na Bing huruhusu mwenye biashara kuandika jina, mahali, saa za kazi na simu bila malipo, na huko ndiko wanunuzi wengi wanakoanzia. Orodha ya kulipia inapaswa kuleta kitu juu ya hapo.

Zipo zinazoleta. Thomas Register ya Marekani ilianza kuchapishwa mwaka 1898 kwa ajili ya maofisa ununuzi wa viwanda, na ilipohamia kwenye intaneti iliwafuata wanunuzi wale wale. Hapa kwetu kampuni ya utalii iliyo mwanachama wa TATO ya Arusha au KATO ya Nairobi huonekana katika orodha ya wanachama, na wakala wa ng'ambo anayetaka kuhakiki jina anaweza kulitafuta humo. Orodha za namna hii ni nyembamba, na faida yake iko katika wembamba huo.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa zile zinazofika zikiwa na sura ya ankara, au fomu ya “kuhakiki anwani” yenye maandishi madogo chini yanayomfunga aliyesaini kulipa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2011 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizifikisha mahakamani kampuni zilizotuma faksi za aina hiyo kwa biashara ndogo na hata makanisa. Karani wa malipo aelezwe kwamba hakuna ankara ya orodha inayolipwa bila oda iliyosainiwa na mwenye mali.

Anayeamua kujaribu na aombe miezi mitatu kwanza. Kwa muuza vipuri wa mfano huu kipimo cha miezi hiyo ni simu 30 kwenye ile laini ya peke yake. Zikija 9, asiongeze muda. Na kama alitoa namba ya kadi ya benki, afute idhini ya makato kabla ya tarehe ya mwisho, kwani mikataba mingi ya aina hii hujihuisha yenyewe.